Maji ya Madeko

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi, jana ulipokuwa unafunga begi la hospitali uliniambia, "Niandikie yote. Usinipambie. Nikirudi mvua zikiisha nitakaa kitandani nisome kana kwamba sikuondoka." Basi naanza leo, na naweka nadhiri: nitakuandikia mazuri na mabaya, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Nikificha jambo, unisute.

Nimehamia chumbani kwako kama ulivyotaka. Tangi lako la samaki wa baharini linanguruma taratibu kando ya dirisha. Samaki wako wawili wa rangi ya chungwa, Pacha na Pacha, walinifuata huku na huku nyuma ya kioo wakidhani nimeleta chakula. Kinyozi, yule kamba mwekundu mwenye sharubu nyeupe, alikuwa juu ya jiwe lake akingoja mteja wa kumsafisha. Konokono wote wako kazini. Na Madeko wako, tumbawe mdekaji kuliko mtoto wa mwisho, yuko katikati chini ya taa. Amefungua vichwa vyake vyote saba, na vile vidole vyake laini vya kijani vyenye ncha za umbo la nyundo vinayumba pamoja.

Baba alichungulia mlangoni. "Hivi hicho ni mmea au jiwe?"

Nikamwambia ni wanyama wengi wadogo, wanaishi pamoja juu ya mfupa mmoja.

"Kama sisi na choo chetu kimoja," akasema, akaenda zake.

Masharti yako nimeyakariri kama jedwali la kuzidisha. Nisiingize mkono wenye sabuni. Nisipulize dawa ya mbu chumbani. Kila Jumamosi nipime maji. Na lile kubwa: maji yakipungua, niongeze maji yasiyo na chumvi, tena yaliyopita kwenye kichujio, kwa sababu maji hupaa hewani lakini chumvi hubaki. Nikiongeza maji ya chumvi juu ya chumvi, nitawapika wangali hai. Hayo ni maneno yako mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wote wazima.

Jumapili, 9 Machi

Umepiga simu leo. Kabla hata hujanisalimia uliuliza, "Madeko anafungua?" Nikakwambia anafungua mpaka anakaribia kugusa kioo. Ukasema, "Wewe pima maji, mimi napimwa damu. Tuone nani atapata maksi nzuri." Mama alicheka, kisha akaingia jikoni na kuanza kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Bibi hakutaka simu itoke mkononi mwake. Baada ya hapo alikuja kusimama mbele ya tangi, mikono nyuma kama mkaguzi. "Mwanangu amesoma mpaka chuo kikuu," akasema, "halafu anafuga jiwe." Nilikasirika kidogo, Shangazi. Nimeandika kwa sababu niliahidi yote.

Ijumaa, 14 Machi

Kichujio kimepasuka. Nilirudi kutoka shule nikakuta jikoni kumejaa maji, na Mama amefunga bomba kwa kitambaa. Fundi bomba alikuja, akakigeuzageuza, akasema kile kipande cha katikati hana, itabidi kiagizwe. "Lini kitafika?" Mama akauliza. "Mvua ikipenda," akasema. Mama hakuona cha kucheka.

Tangi limepungua upana wa kidole. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, uliniambia nisiyaguse. Nilikaa jikoni nimeshika tama. Bibi akaniuliza kulikoni, nikamweleza.

"Hilo nalo la kulilia?" akasema. "Maji machafu dawa yake moto. Nitakuchemshia. Nimewachemshia maji baba yako na shangazi yako tangu wakiwa wachanga, nani aliumwa tumbo?"

Nilifungua kitabu chako. Kinasema kwamba ile dawa ya bomba hupungua maji yakichemshwa na kuachwa wazi. Kwa hiyo nikakubali.

Jumamosi, 15 Machi

Bibi ametoa sufuria yake kubwa ya shaba, ile ya juu ya kabati ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Ameisugua kwa ndimu na chumvi, nje na ndani, mpaka nikajiona uso. Amechemsha maji, ameyafunika kwa kitambaa cheupe yapoe humo humo mpaka kesho. "Maji ya wagonjwa nayachemsha kwenye hii tu," akasema. Nilimwambia samaki si wagonjwa. Akasema, "Mwenye samaki je?"

Nimepima maji: amonia hakuna, naitreti kidogo, chumvi sawasawa. Maksi zangu nzuri. Zako?

Jumatano, 19 Machi

Mtihani wa hisabati. Mvua. Bibi amechemsha.

Jumatatu, 24 Machi

Konokono mmoja ameanguka chini chali. Nimemgeuza kwa kile kijiti. Jioni yuko chali tena.

Alhamisi, 27 Machi

Watatu. Nimewatoa wawili waliokuwa wananuka. Nimepima kila kitu ninachoweza kupima na kila kitu ni kizuri. Nimepima tena, nikidhani nimekosea kuhesabu matone. Ni kizuri vilevile. Ningefurahi kuona kibaya, angalau ningejua la kufanya.

Madeko amefungua nusu.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nina mengi, nivumilie.

Umeme ulikatika tukiwa darasani. Dhoruba ilikuwa kubwa mpaka mwalimu wa kemia akaacha kufundisha, kwa sababu hakuna aliyemsikia. Wengine walishangilia giza. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: pampu imesimama. Uliniambia maji ya tangi yakisimama, hewa yake huisha, na wa kwanza kuumia ni wale wasioweza kukimbia. Kengele ilipolia nilikimbia nyumbani, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, nikakirudia.

Nilipofungua mlango wa chumba chako nilimkuta Bibi amesimama juu ya kigoda, kanga amejifunga kifuani, ameshika jagi. Alikuwa anachota maji ya tangi, analiinua jagi juu, anayamwaga. Anachota, anainua, anamwaga. Sakafu ilikuwa bwawa.

"Bibi! Nani amekufundisha?"

"Nani anifundishe? Nimeona povu limekoma. Kitu kilichokuwa kinapumua kikikoma kupumua, si unakipulizia?" Kisha akawaambia Mapacha, "Haya, kunyweni hewa, mnaniangalia nini?"

Niliomba nimpokee, akakataa. Tulizungushia tangi blanketi lako ili joto lisitoke, tukaacha tundu la kuchungulia. Mikono yake ilipochoka kabisa ndipo akanipa jagi. Nilimwaga mpaka bega likawaka moto. Mama alirudi kutoka kazini akiwa amelowa, akaangalia sakafu, akaangalia Bibi, nikajua tumekwisha. Lakini alivua viatu tu, akasema, "Nipe hilo jagi, ukabadili sare." Tukapokezana watatu. Bibi alisimulia jinsi ulivyomletea mende kwenye kisanduku cha kiberiti ukiwa na miaka minne, ukitaka amtafutie mende huyo mama yake. Mama alicheka mpaka akamwaga maji nje ya tangi.

Umeme ulirudi tukiwa tumeshakata tamaa ya kuusubiri. Pampu ilipokohoa na kuanza kuvuma, Bibi alikaa chini kwenye maji, akapiga makofi mara moja.

Naandika hivi ili ujue kwamba sidhani tena Bibi anaona hili ni jiwe.

Jumapili, 6 Aprili

Kabla hujapiga simu, Mama alinivuta pembeni. "Daktari amesema wiki hizi asishtuliwe. Ukiulizwa, wote wazima. Umenielewa?"

"Lakini niliahidi..."

"Uliahidi kuandika. Andika. Kwenye simu, wote wazima."

Sauti yako leo ilikuwa ndogo sana. Ulisema nywele zimekwisha na sasa unafanana na Baba na upara wake. Kisha ukauliza kuhusu Madeko. Nikasema amefungua. Ukasema, "Basi leo nitalala."

Shangazi, hakuwa amefungua. Alikuwa amejikunja ndani kabisa, vichwa vyote, kama ngumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kinyozi amekufa. Jana nilimwona anaanza kujivua gamba, nikafurahi, nikadhani anakua tu. Leo nimemkuta nyuma ya jiwe, laini, hajamaliza kujitoa. Pacha mmoja alikuwa anaelea juu yake. Hakuna konokono hata mmoja aliyebaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwenye duka la samaki wa mapambo unakonunua chumvi. Nilikuwa sijaingia peke yangu. Yule mwenye duka, mnayemwita Bwana Mapovu, alikuwa amefunga kipande cha bomba la plastiki shingoni kama daktari wa baharini.

"Shikamoo."

"Marahaba, daktari! Mwenye tangi yuko wapi? Ameniasi?"

Nikamwambia uko hospitali. Akaacha kutabasamu kidogo, kisha akarudisha tabasamu kwa ajili yangu. Nikamweleza: vipimo vizuri, Madeko amejifunga. Mteja mwingine alikuwa anagonga kaunta kwa funguo, basi akanijibu harakaharaka. "Tangi limechoka hilo. Badilisha maji. Ndoo moja leo, ndoo nyingine baada ya siku mbili. Maji mapya hayajawahi kumuua mtu."

Nimerudi mbio. Bibi amechemsha sufuria mbili nzima. Nimesubiri yapoe, nimekoroga chumvi, nimepima, nimebadilisha ndoo moja. Tafadhali, Madeko.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimebadilisha maji. Hajafungua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimebadilisha tena. Bibi aliamka mapema kuliko muadhini na jogoo ili maji yawahi kupoa. Hajafungua.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimebadilisha. Hajafungua. Mwalimu wa kemia ameniuliza kwa nini nasinzia.

Jumapili, 20 Aprili

Hukupiga simu. Baba alipiga, muuguzi akasema umelala. Nimebadilisha maji. Mvua haijakatika tangu Ijumaa, nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu.

Jumanne, 22 Aprili

Kichwa cha kwanza kimekufa. Nyama imebanduka kwenye mfupa kama karatasi iliyolowa, ikapelekwa na mkondo mpaka ikanasa kwenye pampu. Kilichobaki ni mfupa mweupe, wenye mistari mizuri ajabu. Sikujua ndani yake ni mzuri hivyo, na sikutaka kujua.

Nilipiga magoti mbele ya kioo nikamwambia, "Unataka nini? Sema basi!" Nilipiga kelele, Shangazi. Baba alikuja, akakaa sakafuni kando yangu na suruali yake ya kazini. Hakutania. Alikaa tu. Baadaye akasema, "Na mimi nikimtembelea shangazi yako nakaa hivihivi. Namwangalia kupitia kioo. Siruhusiwi kuingia."

Sikujua kwamba kuna kioo.

Ijumaa, 25 Aprili

Vichwa viwili zaidi. Vimebaki vinne.

Nimechukua maji ya tangi kwenye chupa nikaenda nayo kwa Bwana Mapovu moja kwa moja kutoka shule. Leo hapakuwa na mteja. Nilikuwa nimejikaza njia nzima, lakini alipouliza tu "Vipi, daktari?" machozi yakanitoka kama bomba letu.

Alinivutia ndoo nikalie. "Haya, pole pole. Samaki wanakula?"

"Wanakula sana."

"Konokono?"

"Wamekufa wote."

"Kamba?"

"Amekufa akijivua gamba."

Alilitoa lile bomba shingoni. "Kwa nini siku ile hukuniambia hayo?"

"Hukuniuliza kuhusu wengine."

"Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza." Akachukua chupa yangu. "Samaki wazima, wasio na uti wa mgongo wanakufa. Hiyo ni shaba. Shaba kidogo samaki anavumilia, lakini konokono, kamba na matumbawe haiwaachi. Una sarafu humo ndani? Waya? Uliwatia dawa ya samaki ya ukungu?"

"Hapana. Hatuna shaba yoyote."

Alidondosha matone ya kipimo cha shaba kwenye maji yangu. Akadondosha pia kwenye maji ya tangi lake, ili nilinganishe. Yake yalibaki kama yalivyo. Yangu yaligeuka rangi.

Akasema kile kipimo hakimo kwenye kisanduku chako, ndiyo maana nilikuwa napata maksi nzuri. Amenipa mfuko wa mkaa maalumu wa kunyonya sumu, na madumu mawili ya maji kutoka kwenye kichujio chake. "Maji yako ya kuongeza unayatoa wapi?" akaniuliza nikiwa mlangoni.

"Bibi ananichemshia," nikasema, na maneno yalipotoka mdomoni nikaikumbuka ile sufuria ya shaba.

Sikumaliza. Nilitembea na madumu yale kwenye mvua, yanagonga magoti. Nilipoingia jikoni Bibi alikuwa ameinamia sufuria na kipande cha ndimu, anaisugua ndani, anaimba kwa sauti ya chini. Akaniambia, "Umechelewa, mjukuu wangu. Nimekuwekea mengi leo, ubadilishe mpaka uridhike."

Nikasema, "Asante, Bibi."

Jumamosi, 26 Aprili

Sasa najua. Ndimu inaifungua shaba, maji yanalala humo usiku mzima yakiinywa, kisha mimi nayapeleka tangini. Na kwa kuwa maji hupaa na vilivyomo hubaki, kila nilipoongeza, shaba ilibaki na kuzidi. Kila ndoo niliyobadilisha ilileta nyingine. Kadiri nilivyomhurumia ndivyo nilivyomuua.

Nimemwambia Baba. Alijishika kichwa. "Bibi yako asijue," akasema. "Hana lingine analoweza kumfanyia mwanawe isipokuwa hilo. Mwambie kichujio kimepona."

"Hakijapona."

"Mwambie tu."

Kwa hiyo sasa nakuficha wewe, na namficha Bibi. Maji ya Bibi nayamwaga nyuma ya nyumba akiwa amelala mchana, kama mwizi.

Jumanne, 29 Aprili

Ameniona.

Nilikuwa nimeinamia mtaro, ndoo mkononi. Nikasikia nyuma yangu, "Maji yangu yamekukosea nini?"

Nilifungua kinywa niseme kichujio kimepona. Niliangalia vidole vyake, vimekunjana kwa ndimu, nikashindwa. Nikamwambia yote, palepale, mvua ikitunyeshea: sufuria, ndimu, Kinyozi, vichwa vitatu.

Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha jikoni, nguo zikimdondoka maji. Nilikaa miguuni pake.

"Kwa hiyo nilikuwa namtilia sumu," akasema.

"Hukujua, Bibi. Hata mimi sikujua."

"Kila Jumapili ananiuliza, 'Mama, unafanya nini siku hizi?' Namwambia, nawachemshia maji samaki wako. Anacheka. Alidhani namtania." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na kwenye simu mnamwambia wote wazima?"

"Mama alisema asishtuliwe."

"Nilimzaa mimi," akasema. "Alivunjika mguu akiwa mdogo kuliko wewe, daktari akamwambia haitauma. Ilimuuma. Mguu aliusamehe, daktari hajamsamehe mpaka leo. Unaandika lile daftari?"

"Naandika."

"Yote?"

"Yote, Bibi. Lakini kuhusu sufuria, naweza..."

"Andika. Andika kwamba ni mimi. Ataniuliza mwenyewe, nitamjibu mwenyewe. Na hayo maji mengine unayatoa wapi?"

Nikamwambia. Akaamka kutafuta viatu vyake.

Jumatano, 30 Aprili

Bibi na Bwana Mapovu wamekutana dukani. Bibi alimwambia, "Wewe ndiye uliyemwambia mtoto abadilishe maji bila kuuliza maji gani?" Bwana Mapovu akasema, "Ni mimi, mama." Bibi akasema, "Na mimi ndiye niliyeyachemsha. Basi tumekutana wauaji wawili. Jaza madumu." Bwana Mapovu hakujua kama acheke. Aliyabeba yeye mwenyewe mpaka kwetu.

Jumamosi, 3 Mei

Maji safi, mkaa mpya. Nimepeleka chupa dukani, rangi imepungua lakini ipo. Bwana Mapovu anasema mawe yalikunywa shaba na sasa yanaitoa kidogokidogo, itabidi tuyaoshe na kuyaosha tena bila kuchoka. Sufuria imerudi juu ya kabati. Bibi ameigeuza ielekee ukutani.

Alhamisi, 8 Mei

Kichwa kimoja kimetoa ncha. Kimoja tu, na ni ncha tu. Niliita nyumba nzima. Mama alikuja na mwiko, akatazama, akasema, "Iko wapi?" Nikamwonyesha. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Ile?" "Ile." Akakaa kitandani kwako na ule mwiko, akalia, halafu akarudi kupika.

Jumapili, 11 Mei

Simu fupi. Ulipumua kati ya maneno. Hukuuliza kuhusu Madeko. Ni mara ya kwanza.

Nilimuuliza Baba, "Mvua zikikatika atarudi, si ndiyo?" Zamani alikuwa anajibu kabla sijamaliza. Leo alisema, "Vaa sweta, kuna baridi."

Jumatano, 14 Mei

Vichwa viwili vimefunguka nusu. Cha tatu kimekufa. Cha nne kina utelezi wa kahawia, kama supu iliyoganda, na harufu yake nimeisikia nilipoinua kifuniko. Nimesoma kwenye kitabu chako mpaka herufi zinacheza: utelezi ule hula nyama, na hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa. Nimeunyonya kwa bomba. Jioni umerudi.

Alhamisi, 15 Mei

Umerudi tena. Umefika shingoni mwa kichwa kinachofuata.

Ijumaa, 16 Mei

Bwana Mapovu amekuja nyumbani na taa yake ndogo. Aliangalia kwa utulivu, bila mzaha hata mmoja, na hilo liliniogopesha kuliko utelezi.

"Hivi viwili vinaweza kupona," akasema. "Lakini si hapo vilipo. Lazima vikatwe kutoka kwa wenzao, chini, kwenye mfupa uliokufa, visogezwe mbali. Vikikaa wiki, utelezi utavimaliza."

"Kata basi," Baba akasema.

Bwana Mapovu alitikisa kichwa. "Nimewahi kukata vya wateja. Vingine vinafungua kesho yake, vingine vinajikunja na havifunguki tena. Tumbawe lililodhoofika hivi, sitabiri. Na yule dada mwenye tangi aliniambia zamani, Madeko asiguswe na msumeno wa mtu yeyote ila wake. Mwenye mali aseme." Ameacha msumeno mwembamba mezani kwako, umefungwa kwenye taulo.

Tulibaki tumekaa wote chumbani kwako. Mama ndiye aliyeanza. "Daktari alisema asishtuliwe."

"Daktari alisema wiki zile," Bibi akasema. "Wiki zile zimepita. Mnamlinda na nini sasa? Na samaki? Mtoto huyu amebeba uongo wetu mgongoni mpaka umempinda. Mwacheni mwanangu aulizwe kitu. Tangu alazwe, kuna mtu amemuuliza neno lolote zaidi ya 'unaumwa wapi'?"

Mama akaniangalia na kusema, "Andika vizuri. Mwandiko wako ukisomeka hovyo atachoka."

Kwa hiyo huu ndio ukurasa wa mwisho kabla daftari halijafunga safari. Baba anaondoka kesho asubuhi, atalipitisha kwa muuguzi kwenye dirisha la wodi, na atarudi Jumapili jioni. Najua niliahidi utalisoma hapa kitandani. Nimevunja hilo, na nimekudanganya kwenye simu Jumapili baada ya Jumapili. Kasirika ukitaka, nitafurahi kusikia umekasirika.

Nimefanya mazoezi. Nimekata nje ya maji tawi kavu la tumbawe lililokufa zamani, mkono haukutetemeka sana. Najua pa kuweka jino la msumeno na jinsi ya kumshika bila kugusa nyama. Naweza, Shangazi. Lakini nikimkata nikakosea, hakutabaki kitu cha kukuonyesha. Na nikisubiri mkono wako, nataka nijue nasubiri nini, kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananiambia nivae sweta.

Usisumbuke kuhusu Kinyozi, wala sufuria. Bibi atakusimulia mwenyewe. Nijibu hili moja tu, nyuma ya karatasi hii ukiwa na nguvu, au kwa mdomo wa Baba, na umwambie asilipunguze njiani: nikate, au unakuja?